Kaunta Buku ya Fundi

Fundi anayenishonea nguo pale Kariakoo ana kaunta buku tatu, zote zimechakaa, na moja imeshonwa upya mgongoni kwa uzi wa gunia. Ndani yake vimo viuno vya wanaume wa rika langu. Kila mtu na ukurasa wake: mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mguu, na pembeni mwaka aliopimwa. Mwezi uliopita nilikwenda kupunguzisha suruali, na fundi alipokuwa anatafuta miwani yake mimi nikawa napekua. Nikajikuta. Mwaka 1976, kiuno inchi 29. Mwaka 1986, inchi 32. Mwaka 1993, inchi 38. Mwaka 2005, inchi 41, na hapo fundi kapiga mstari chini, sijui alikuwa anahesabu kitambaa au alikuwa ananishangilia.

Nikafungua ukurasa wa dereva wangu, yule niliyefanya naye kazi kwenye basi. 31, 35, 39, 43. Mwandiko unaishia mwaka 1993. Chini yake ni karatasi tupu.

Mimi nimezaliwa 1949. Niliingia kazi ya ukondakta mwaka 1975, mabasi ya jiji hili la Dar es Salaam, wakati ambapo kijana mwenye begi la ngozi begani na kitabu cha tiketi mkononi alikuwa mtu. Baadaye yakaja yale mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yenye mpira wa kukunja katikati, watu wakayaita kumbakumba. Kazi ya kondakta wa kumbakumba ni miguu. Unaanzia nyuma, unajipenyeza chini ya makwapa ya watu, unavuka pale kwenye kiungo panapocheza kama daraja la kamba, unafika kwa dereva, unageuka. Kituoni unashuka, unaita, unapanda tena. Jioni nikifika nyumbani nilikuwa navua viatu mlangoni kwa sababu ya kuogopa kuinama mara mbili.

Dereva yeye kakaa. Kakaa toka alfajiri, kakaa foleni ya Kariakoo, kakaa mwisho wa gari akisubiri zamu. Chakula analetewa pale pale kwenye usukani. Nilimwonea wivu, sifichi. Mshahara wake ulinizidi, heshima yake ilinizidi, na mwisho wa siku alikuwa anashuka na shati limenyooka kama ndiyo kwanza kalivaa. Aliponicheka kwamba nimekonda kama fito nilikuwa sina jibu.

Mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria, ndipo yakaanza daladala, na baada ya miaka michache mwenzangu akahamia huko. Huko kuna hesabu ya tajiri. Mvua inyeshe, gari liharibike, askari akukamate, hesabu ya jioni ni ile ile. Mimi nikaacha kazi ya barabara, nikafungua genge la nyanya, mkaa na mafuta ya taa karibu na nyumbani. Nikanunua kiti chenye mto. Ukitazama tena zile namba za fundi utaona kiti kile kilipoingia.

Ilikuwa Julai 1994, kusi inavuma, jioni ya kuvaa sweta. Dereva wangu akaja gengeni kwangu baada ya kupeleka hesabu, akakaa juu ya kreti la soda. Jasho linamtiririka, shati limemganda mgongoni. Nikamuuliza kulikoni, akasema gesi, mchana alikula maharage. Akasema mkono wa kushoto umekufa ganzi, lakini huo ndio mkono wa gia, na gia ya lile gari ilikuwa ngumu kweli, niliwahi kuijaribu. Yaani kila kilichomsibu alikuwa na maelezo yake tayari. Nikampa soda ya tangawizi. Akacheua, akacheka. "Umeona? Gesi." Nikamsugua mgongo kwa dawa ya kuchua. Tulikaa pale kama saa moja na nusu tunabishana habari za Simba na Yanga, na kila baada ya muda anajisugua taya, kama mtu mwenye jino.

Hospitali ilikuwa umbali wa kutembea.

Saa sita za usiku mkewe alimtuma mtoto akanigongee mlango. Marehemu alikuwa na miaka 51.

Mnajua mazungumzo ya chini ya turubai yanavyokwenda. "Jana tu tulikuwa naye." "Mzima kabisa, na mwili ule." Siku ya kwanza ni mshangao. Siku ya pili watu huanza kutafuta mtu. Marehemu alikuwa na mgogoro wa shamba na kaka yake, huko Kisarawe, mgogoro wa kawaida wa mikorosho na mpaka, na kabla ya hitima tayari ilikuwa imekwisha amuliwa kwamba huu ni mkono wa mtu. Hakuna aliyemtaja kwa jina. Hakukuwa na haja. Kaka yule hakuonekana kwenye arobaini, na watoto wa ndugu hawa wawili mpaka leo hawasalimiani. Mimi nilikuwapo kwenye mkeka ule. Nilikuwa ndiye pekee niliyeliona lile jasho, nikaona lile taya, na walipokuwa wanasema nilitikisa kichwa kama mtu ajuaye. Jambo hili linanisumbua kuliko ile soda.

Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kupata maelezo yaliyonyooka, na nimeyapata kwa mjukuu wangu anayesomea udaktari. Nilimsimulia kisa chote, akanisikiliza bila kunikatiza, halafu akasema, "Babu, umenisomea ukurasa wa kitabu." Moyo, kanieleza, ni msuli, na wenyewe unahitaji damu kama msuli mwingine wowote. Damu hiyo unaipata kwa mishipa yake maalumu iliyouzunguka kwa nje, ambayo upana wake ni kama milimita tatu au nne. Mimi kwa akili za gereji nikadhani huwa inaziba kama bomba linavyoshika kutu, kidogo kidogo mpaka tone la mwisho. Akasema mara nyingi sivyo. Mafuta yanajipenyeza ndani ya ukuta wa mshipa, yanakaa humo miaka kama jipu chini ya ngozi, na jipu lenyewe linaweza kuwa dogo lisizuie kitu. Mtu anapanda ngazi, anacheza ngoma, anaoa mke wa pili. Siku moja ngozi ya jipu inachanika. Mwili unaona kidonda, unatuma damu igande pale kama inavyoganda mtu akijikata kisu, na bonge lile ndilo linaloziba njia. Kuanzia hapo msuli unakufa, dakika kwa dakika. Maumivu ya moyo hayakai kifuani peke yake. Hutembea hadi mkononi, shingoni, tayani, mgongoni, tumboni juu, na jasho la baridi. Hatuna mtu anayeweza kuyatofautisha na gesi akiwa gengeni. Kinachotakiwa ni kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, na gesi ikagundulike huko.

Nilimuuliza mbona wazee wetu hawakuwa nayo. Kumbe swali hilo limeulizwa zamani. Daktari mmoja Mwingereza, Hugh Trowell, alifanya kazi miaka mingi Kenya na Uganda, akawa Mulago pale Kampala, na ugonjwa huu wa mishipa ya moyo kwa Waafrika alikuwa haukuti. Mwaka 1956 yeye na mwenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki kisa cha mgonjwa mmoja Mwafrika. Mmoja. Ugonjwa ulikuwa adimu kiasi kwamba mtu mmoja anatosha kuandikiwa makala. Ndiyo maana sisi tulikua tukisikia kwamba moyo ni maradhi ya Wazungu na Wahindi wenye maduka. Haukuwa uongo wakati tulipoambiwa. Tuliendelea kuamini hivyo hali ilipokuwa imekwisha geuka.

Na iligeuka ndani ya maisha yetu wenyewe, ndani ya hizo kaunta buku tatu.

Hapa nataka vijana wanisikilize kabla hawajacheka. Sisi ni watoto wa mchakamchaka. Shuleni tulikimbia alfajiri tukiimba, tukaenda Jeshi la Kujenga Taifa tukakimbia tena, na matumboni hamna kitu. Mwaka 1974 mvua zilikosekana, tukala unga wa njano wa msaada, ule watu waliouita unga wa Yanga. Ikaja vita ya Kagera, na baada ya vita ikaja ile miaka ya foleni. Niliwahi kupanga foleni ya sukari kwa kuweka jiwe, nikaenda kazini, nikarudi, jiwe langu limesogezwa na watu waungwana mpaka karibu na dirisha. Sukari yenyewe kilo moja. Sabuni hakuna, mafuta ya kula hakuna. Halafu 1985 akaingia rais tuliyemwita Mzee Ruksa, maduka yakajaa, na mtu aliyekuwa anagawiwa sukari kwa kijiko akajikuta anaweza kutia vijiko vitano kwenye kikombe kimoja, na hakuna wa kumuuliza. Nani angetuambia tusitie? Kitambi kilipotokea tulikivaa kama cheo. Mkwe akija anakitazama kwanza kitambi. Fundi akinipima alikuwa anasema, "Mzee, sasa hela inaonekana," nami natoa pumzi zote ili futi ipate nafasi.

Njaa ile ilitufundisha vibaya kuhusu shibe. Sidhani kama ni kosa la mtu.

Lakini liko kosa ambalo ni letu. Mke wangu alipimwa presha mara ya kwanza akiwa na miaka 21, kliniki ya wajawazito, mimba yetu ya kwanza. Kila mwezi anakwenda na kadi yake, anafungwa ule mkanda wa mpira mkononi, anapimwa uzito, anaandikwa. Watoto watano, hesabuni wenyewe. Mimi nilikuwa namsindikiza, namsubiri nje chini ya mwembe, na chini ya mwembe ule tulikuwa wanaume kumi na tano, ishirini, tunasoma gazeti moja kwa zamu. Mashine ilikuwa hatua thelathini kutoka tulipokaa. Hakuna aliyetuita, na hakuna aliyewaza kuingia. Mwanamke anakutana na kipimo akiwa msichana, wakati mwanamume wa rika langu alikutana nacho siku alipoletwa na machela. Mtu pekee tuliyempa ruhusa ya kutuzungushia futi ni fundi cherehani.

Mimi nilipimwa mwaka 2007, nina miaka 58, kwa bahati tu. Lilifungwa hema la upimaji wa bure uwanjani karibu na kwetu, na nilikwenda pale kufuata kivuli. Binti mmoja muuguzi akaniona nimesimama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba binti yangu."

"Mara ya mwisho umepima lini?"

"Kupima nini?"

Akatabasamu, akanikalisha. Akaniambia nitulie dakika tano, miguu chini, nisiongee, na kwa mtu wa genge dakika tano bila kuongea ni adhabu. Akapima. Akatazama, akaandika kwa mkono wake mdogo, akanihamishia mkono wa pili, akapima tena.

"Babu, umekuja na nani?"

"Nimekuja na miguu yangu."

"Basi hiyo miguu leo usiipeleke nyumbani kabla hujaonana na daktari."

Ilikuwa 182 kwa 106. Sikuwa nasikia kichwa, sikuwa nasikia kizunguzungu, asubuhi ile nilikuwa nimebeba gunia la mkaa. Daktari alinieleza kwamba ile namba ya juu ni msukumo wa damu moyo unapojikaza, ya chini ni pale unapopumzika kabla ya pigo jingine. Nzuri ni kama 120 kwa 80, na ukikutwa mara kwa mara na 140 kwa 90 au zaidi hiyo ni presha. Nikamwambia lakini mimi sisikii kitu. Akasema ndivyo ilivyo. Moyo unapiga kama mara laki moja kwa siku, na kila pigo lilikuwa linagonga kuta za mishipa yangu kwa nguvu ile, pengine kwa miaka kumi, huku mimi najisikia mzima.

Nikapewa vidonge. Na hapa niseme ukweli, maana wengi wa rika langu wamefia hapa: mimi nilipona mara nne. Nikimeza mwezi mmoja, nikipima nikikuta 130, najitangaza nimepona, vidonge naviweka kabatini. Mke wangu ndiye aliyenishinda, kwa ujanja wa kuviweka kwenye kisahani cha kikombe changu cha chai, asubuhi, mbele ya wajukuu. Presha ikiwa 130 wakati unameza dawa, ile 130 ni ya dawa. Nilielewa hilo mara ya tano.

Chumvi ilinipa taabu zaidi. Mtu wa pwani umwambie nini kuhusu papa mkavu na ng'onda? Umwambie aache embe mbichi kwa chumvi na pilipili? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, na humo humo imo ya kwenye mkate na ya kwenye mchuzi. Papa wa Ijumaa alikuwa anaimaliza peke yake. Siku hizi anakuja mara moja moja, kama mgeni, kalowekwa usiku kucha na maji yamemwagwa mara mbili, na ndimu ndiyo inayofanya kazi ya chumvi. Kachumbari ya bila chumvi sijaizoea. Namezea.

Mjukuu wangu anaona raha kuniletea habari za wasomi, na siku moja alinijia anacheka tangu mlangoni. "Babu, wewe uko kwenye utafiti." Akanieleza kwamba London, baada ya vita kuu ya pili, daktari mmoja aitwaye Jerry Morris alikaa akawachunguza wafanyakazi wa mabasi. Yale mabasi yao mekundu ya ghorofa. Dereva kakaa, kondakta anapanda na kushuka ngazi siku nzima kukata tiketi. Watu wa tabaka moja, shirika moja. Mwaka 1953 akachapisha majibu: makondakta walikuwa wanapata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na hata waliopata, haukuwaua haraka vile.

Nilinyamaza muda. Nilikuwa naliona kumbakumba.

Lakini binti huyu hana huruma na hadithi nzuri. Akaniambia, subiri. Morris na wenzake hawakuridhika, wakaenda kwenye stoo ya sare. Wakafungua madaftari ya fundi wa sare, wakatazama viuno vya suruali. Mwaka 1956 wakaeleza walichokuta: madereva walikuwa na viuno vikubwa kuliko makondakta tangu siku za mwanzo wa kazi. Kwa hiyo kiti peke yake hakibebi lawama yote. Wengine walikuja na kiuno chao.

Sasa tazameni tena ule ukurasa. Mwaka 1976, mimi 29, dereva wangu 31. Daktari wa London na fundi wa Kariakoo walikuwa wanaandika kitu kimoja. Na mimi kondakta, nilipokaa kwenye kiti chenye mto, ukondakta wangu wa zamani haukunisaidia chochote, maana miguu haiwekwi akiba. Morris mwenyewe alikuwa mtu wa mazoezi, na alifariki 2009 akiwa na miaka 99.

Yako mengine aliyonisomea ya karibu na kwetu. Kenya, watafiti waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kwenda Nairobi kutafuta kazi. Kabla mtu hajazeeka mjini, ndani ya miezi ya mwanzo tu, presha imeanza kupanda. Chumvi katika mkojo imeongezeka, potasiamu, ile inayopatikana kwenye mboga na matunda, imepungua, na uzito nao unapanda. Hilo lilichapishwa 1990. Nikawakumbuka vijana wa wakati wangu wakishuka stesheni na sanduku la bati, na tulivyokuwa tunawaambia baada ya mwaka, "Mji umekupenda."

Lipo jambo ambalo wazee hatulisemi ila kwa mafumbo, na kwa kuwa nina miaka yangu nitalisema. Barazani kwetu kuna wakati wenzangu, mmoja baada ya mwingine, walianza kuulizia mizizi. Kuta za mji huu zimejaa matangazo ya dawa za nguvu za kiume kwa sababu wanunuzi tupo. Jogoo akishindwa kupanda mtungi, mwanamume atauza baiskeli kabla ya kwenda hospitali. Na ningejua! Mishipa ya huko ni myembamba kuliko ile ya moyo, nusu yake hivi. Ugonjwa ni ule ule, ukuta ule ule unaoharibika, lakini uliko mwembamba ndiko unakojionyesha kwanza, mara nyingi miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya moyo. Jogoo yule alikuwa anapiga kelele kwa niaba ya moyo, na sisi tukamnywesha supu ya pweza. Hata vile vidonge vya buluu, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, watafiti walianza navyo wakitafuta dawa ya maumivu ya kifua, hayo mengine wakayakuta njiani. Anayemeza dawa za moyo za jamii ya naitreti akichanganya na vidonge hivyo presha inaweza kuporomoka mpaka akafa, ndiyo maana kuvinunua kwa kificho ni hatari. Ni kweli pia kwamba baadhi ya dawa za presha humpunguzia mtu uwezo chumbani. Wapo waliozitupa kwa ajili hiyo, kimya kimya. Dawa ziko za aina nyingi. Ungemwambia daktari angekubadilishia. Lakini hilo lilitaka mwanamume aseme sentensi moja mbele ya kijana aliyevaa koti jeupe, na kwetu sentensi ile ilikuwa nzito kuliko jeneza.

Sigara nisiichelewe. Niliivuta miaka 22, nikaacha kwa kuwa bei ilipanda, sifa hiyo si yangu. Nasikia mtu akiacha, baada ya mwaka mmoja ile hatari ya ziada ya moyo inapungua kwa kama nusu. Laiti ningeambiwa hivyo, ningeringa.

Vijana nawaona. Jumamosi alfajiri wanapita mtaani na fulana za kilabu chao cha jogging, wanaimba, na mimi nikiwa nimekaa na kahawa nasikia mchakamchaka umerudi. Nawapenda wale. Lakini mjukuu wangu wa kiume anaendesha bodaboda, anakaa juu ya pikipiki saa kumi na nne, chakula chake chipsi mayai ndani ya mfuko na chumvi ya kunyunyizia, juu yake kopo la kinywaji cha kuondoa usingizi. Jioni ana hesabu ya tajiri. Nikimwambia akapime ananijibu, "Babu, mimi bado kijana." Nikimtazama namwona dereva wangu, mkono wa gia na maelezo yake. Wanaume, kanieleza yule dada yake, ugonjwa huu hutuwahi kama miaka kumi kabla ya wanawake. Mwezi wa pili tulipatana: mimi nitamlipia mafuta ya lita mbili, yeye anipeleke kliniki kwenye tarehe yangu, na akiwa pale naye aingize mkono. Alikutwa na 138 kwa 88. Hakusema kitu njia nzima. Sasa nasikia chipsi anakula kwa kachumbari, nami nimejifanya sijasikia.

Mambo mengine yamebadilika, lazima nikiri. Zamani mwenye moyo alikuwa anachangiwa nauli ya India, na wengi walikufa wakati michango haijafika nusu. Tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Mkwe mwenzangu alipelekwa huko na maumivu kama yale ya gengeni kwangu. Wakampitishia waya mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka kwenye moyo, wakautanua mshipa ulioziba, wakaacha humo kichuma kidogo kama springi ya kalamu. Leo anamwagilia mchicha wake. Alifika mapema kwa sababu mkewe alikataa kusikia neno gesi.

Kwa kaka wa Kisarawe nilikwenda mwaka juzi. Ni mzee sana sasa, haoni vizuri. Nilimweleza habari ya jasho na taya na mkono wa gia, nikamwambia nilikuwapo na nilinyamaza. Alikaa kimya, akamwita mjukuu amletee mgeni maji, akaniuliza kama marehemu aliumia sana. Nikamwambia alikuwa anacheka. Hatukuzungumza zaidi ya hapo, ila nilipoondoka alinifungia korosho.

Basi, siku ile pale Kariakoo, fundi alipopata miwani yake alinipima. Inchi 36. Natembea kila alfajiri kutoka msikitini kwa njia ya kuzunguka, nusu saa hivi, na kiti chenye mto nimempa paka. Zamani sikujua, lakini mwanamume akifika inchi 37, yaani sentimita 94, hatari inakuwa imeanza, na akifika 40 imekuwa kubwa. Fundi akaandika 36 kwa kusikitika kidogo, kama mfanyabiashara aliyerudishiwa mali. Nikamuuliza, "Fundi, wewe ukurasa wako uko wapi?" Akacheka, akasema fundi hajipimi. Miaka yote hii, viuno vya mji mzima, na cha kwake hakimo.

Nikaichukua futi shingoni mwake. Akajitetea kuwa ana wateja. Mteja alikuwa mmoja tu, mimi. Nikamzungushia, akavuta tumbo ndani, nikasubiri, maana hakuna anayeweza kuzuia pumzi kwa muda mrefu akiwa na miaka 70. Alipoiachia nikasoma.

"Andika thelathini na tisa," akasema.

Nikatafuta karatasi tupu, nikaandika mwaka, nikaandika kiuno, 43. Halafu nikamwambia afunge cherehani, kliniki ya Jumatano inaanza saa mbili na foleni yake huwa ndefu.